Kupima intaferoni ya seli za plasmasaitoidi: mwongozo kwa maabara za Arusha na Moshi

Kirusi kikiingia mwilini, seli dendriti aina ya plasmasaitoidi (seli za kinga zilizomo kwenye damu) humwaga intaferoni alfa, protini ya kupambana na virusi, kuliko seli nyingine yoyote ya damu. RNA ya kirusi huitambua kwa kipokezi TLR7, DNA kwa TLR9. Shida ni kwamba ni chache na hufa upesi: kila seli nyeupe milioni moja zenye kiini cha duara zina kama 2,000 hadi 5,000 tu. Ukizichelewesha, hakuna kitendanishi kitakachokuokoa.

Chukua mililita 15 za damu kwenye tyubu za heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda), uanze kazi ndani ya saa nne. Sampuli ikitoka Arusha kuja Moshi, kilomita kama 80, isiwekwe kwenye barafu wala kuachwa kwenye dashibodi juani. Boksi lenye nyuzi 18 hadi 22 linatosha.

Changanya damu na bufa ya PBS (maji ya chumvi yasiyodhuru seli) kiasi kilekile, kisha imwage taratibu ukutani mwa tyubu ya mililita 50 juu ya mililita 15 za Ficoll, kimiminika kizito cha kutenganisha seli za damu. Hapa usiharakishe, tabaka zikichanganyika, anza upya. Zungusha kwenye sentrifuji kwa 400 g (mara 400 ya nguvu ya uvutano), dakika 30, breki ikiwa imezimwa. Joto liwe nyuzi 20. Likizidi, kama Moshi mwezi Februari bila kiyoyozi, seli nyekundu hugandamana haraka na kunasa zile unazozitaka; likipungua sana, kama Arusha mwezi Julai, hutengana polepole. Mavuno hupungua kote kuwili.

Nyonya utando mweupe wa seli ulio juu ya Ficoll, osha mara mbili kwa 300 g, dakika 10, kisha hesabu kwa tripani bluu, rangi inayoingia kwenye seli zilizokufa tu. Zilizo hai zikiwa chini ya asilimia 90, tunashauri usiendelee.

Weka seli milioni 2 kwa mililita ya RPMI (kimiminika cha kukuzia seli) yenye seramu asilimia 10, ongeza kichocheo CpG 2216, kipande cha DNA kinachoamsha TLR9, mikrogramu 5 kwa mililita, na uache kisima kimoja cha sahani ya seli bila kichocheo, kwa kulinganisha. Inkubeta iwe nyuzi 37, kaboni dayoksaidi asilimia 5, kwa saa 18 hadi 24. Kisha pima intaferoni kwenye majimaji ya juu kwa ELISA, kipimo kinachotumia kingamwili.

Intaferoni ikikosekana kabisa, muulize mtoa damu kama anatumia dawa ya haidroksiklorokwini, maana huzuia TLR7 na TLR9. VVU navyo hupunguza idadi ya seli hizi. CpG iliyogandishwa na kuyeyushwa mara nyingi nayo hudhoofika, hivyo igawe kwenye vichupa vidogo siku unapoifungua.