Kushinda kwa kete nyeusi: Ulinzi wa Tarrasch kama alivyoucheza Rubinstein

Panga ubao wa chesi uufuate mchezo huu: Rotlewi (nyeupe) dhidi ya Akiba Rubinstein (nyeusi), mji wa Łódź (sasa Poland), 1907. Herufi ni safu ya ubao na namba ni mstari wake: d5 ni safu ya d, mstari wa 5.

Ulinzi wenyewe ni huu: askari wako waende d5, e6 na c5 mapema, farasi c6 na f6. Nyeupe akila c5, nawe mle kwa askofu.

Sasa vuta subira. Usile c4 mpaka askofu wake atoke f1 aende d3. Rubinstein alingoja hadi hatua ya 11. Askofu aliyekwisha kufika d3 ikabidi aende kula c4, kisha askari wa b5 akamrudisha palepale d3. Malkia mweupe naye alikwenda d2, halafu e2. Baada ya hatua ya 15 ya nyeupe, pande zote mbili zimepangana sawasawa kabisa, isipokuwa ngome yako moja iko d8 tayari na zamu ni yako. Faida hiyo haidumu, kwa hiyo itumie mara moja: farasi e5, mbadilishane, kisha askofu arudi c7.

Nyeupe akasukuma f4, e4, e5, na hapo akajimaliza. Askari hao walipoondoka, mshazari wa kwenda g1 ulibaki wazi, na ule wa b7 kwenda h1 pia. Lete ngome ya pili c8, askofu b6 kwa cheki (mfalme mweupe akimbilie h1), farasi g4, malkia h4.

Mfuatano wa sasa ndio moyo wa mchezo. Askofu mweupe amesimama e4 kuziba mshazari, akilindwa na farasi wa c3 na malkia wa e2. Nyeupe akisukuma g3, mwachie malkia wako! Ngome ile c3 kwanza. Askofu wa b2 akiila ngome hiyo, askofu wako anakula e4 kwa cheki. Malkia wake akimla, malkia wako anafunga kazi h2. Rotlewi alimla malkia. Ngome ya d8 ikaenda d2 kumvuta malkia mweupe.

Ukigeuza mpangilio, ukaanza na d2, farasi wa c3 bado yupo: atamla askofu wako e4, nawe umepoteza ngome bure.

Malkia akila d2, askofu ale e4 kwa cheki. Malkia azibe g2, na hapo amefungwa kwenye mshazari. Ngome kutoka c3 iende h3. Inayofuata ni h2, chekimeti: farasi wa g4 anailinda ngome, askofu wa b6 ameshika g1. Rotlewi alisalimu amri hapo, hatua ya 25.