Usukani wa gemu: angalia kitufe cha katikati kabla hujatoa hela

Ugonile wanangu wa Mbeya, kamwene wa Iringa na Njombe. Leo nataka tuongee kuhusu steling za gemu, hizi za kufunga mezani na pedeli chini, maana kila wiki lazima kuna mtu ananiuliza "kaka nimeona usukani unauzwa, una waya wa USB, PS (PlayStation) yangu ina tundu la USB, si itakubali?" Haikubali hivo hivo. Na najua kwa sababu yalinikuta.

Mwaka juzi niliagiza mtumba, ukaja na basi, nikaenda kuuchukua stendi ya Nane Nane asubuhi mwezi wa saba baridi limekaza, boksi kubwa mpaka bodaboda akadai nyongeza. Nikafika gheto hata chai sijanywa nikachomeka kwenye PS4. Nabonyeza kitufe cha katikati, kimya. Nabadilisha tundu, kimya. Nazima nawasha, kimya. Nikajua kimeungua njiani, nikampigia muuzaji kwa hasira zote, akanijibu mzima unafanya kazi, we una mashine gani? Ndo nikaugeuza nikauangalia vizuri, vitufe vimeandikwa A, B, X, Y. Nilikua nimenunua Logitech G920, ambayo ni ya Xbox na kompyuta. Ya PS ni G29. Kwa mbali ni mapacha, ngozi ile ile, pedeli zile zile tatu, na kwenye tangazo muuzaji aliandika tu "Logitech original". Hakudanganya, mi ndo sikuuliza.

Sa kwa nini inakua hivo. Enzi za PS3 mambo yalikua laini, usukani ulikua kifaa cha USB cha kawaida tu, G25, G27, Driving Force GT, unachomeka na kama gemu lenyewe linautambua unaendesha. PS4 ilivyotoka 2013 Sony, wenye PlayStation, wakafunga geti. Kila kifaa cha kuchezea kinachochomekwa kinaulizwa kitambulisho, na hicho kitambulisho ni chipu iliyo ndani ya usukani, na chipu hiyo mtengenezaji anaipata akikubaliana na Sony na kulipia leseni. Mashine inatuma swali la siri, chipu inajibu, jibu likiwa sawa unaingia. Ukikosea au ukikaa kimya, hata uwe usukani wa milioni tano we ni mgeni tu hapo mlangoni. Xbox nao wana geti lao na chipu yao. Ndo maana watu wenye G27, na ilikua chuma kweli kweli, walilala nazo njaa PS4 ilipokuja, na Logitech wakaleta G29 mwaka 2015. Ukiona mtu anauza G27 anasema inapiga PS4 bila kitu chochote cha katikati, mwambie akuonyeshe kwanza ikiwaka.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kabisa, kabla ya bei kabla ya rangi, omba picha ya uso wa usukani kwa karibu. Usiridhike na picha ya boksi, boksi hua zinabadilishwa. Tafuta kitufe cha katikati. Kina alama ya PS na vitufe vya pembetatu, duara, msalaba na mraba? Huo ni wa PlayStation. Kina alama ya Xbox na A, B, X, Y? Huo wa Xbox. Havina chochote kati ya hivyo? Jua kabisa unaongelea usukani wa kompyuta, kwa mfano Moza R5, mzuri sana lakini kwenye PS haukusaidii. G29 pia ina kile kiduara chekundu cha kuzungusha na taa ndogo za kupanda rpm (mzunguko wa injini) juu yake, G920 haina hizo taa, kwa hiyo hata picha ikiwa na ukungu unaweza ukajua.

G923 ndo inayopoteza watu wengi zaidi. Ilitoka 2020 na jina ni moja ila ziko mbili, moja ya PS na moja ya Xbox. Ukiandikiwa "G923" tupu hujaambiwa kitu. Kampuni ya Thrustmaster nao hivo hivo, T150 ni ya PS na ndugu yake wa Xbox anaitwa TMX, T300RS ni ya PS, TX ni ya Xbox, T248 iko ya PS na iko T248X ya Xbox. Zote hizi zinapiga kompyuta, hapo hakuna ugomvi.

Fanatec wana ujanja wao. Kwao usukani unakuja vipande, kuna mota, yan ile besi, na kuna duara lenyewe la kushika, unanunua kila kimoja kivyake. Leseni ya PlayStation inakaa kwenye besi, leseni ya Xbox inakaa kwenye duara. Kwa hiyo mtu akiwa na besi ya PS na akafunga duara lenye leseni ya Xbox, anapiga kote kote. Ni hela ndefu lakini, na kwa huku kwetu sijakutana nao wengi, ila kama una ndugu ughaibuni anakuuliza akuletee nini, hiyo ieleweke kabla hajalipa.

Tukija kwenye kizazi cha mashine. Usukani wa PS4 wenye leseni unapiga PS5, mpaka kwenye gemu za PS5 zenyewe, Sony walilisema hilo mapema. Padi ya PS4, ile ya kushika mikononi, ndo haikubali kwenye gemu za PS5, watu wanachanganya haya mawili. Wa Xbox One unapiga Series X na Series S. Lakini wa Xbox 360 kwenye Xbox One, sahau. Na kwenye G29 na T300 kuna kiswichi kidogo pale kwenye besi cha kuchagua PS3 au PS4. Kiswichi hiki kimenipa umaarufu mtaani bure tu, mtu analeta usukani "mbovu" kutoka Mafiati, nasogeza kiswichi kuja PS4, unawaka, ananiita fundi. Kama una PS5 kiweke PS4 pia.

Halafu kuna gemu lenyewe. Mashine ikikubali haimaanishi gemu limekubali. Gran Turismo 7, Assetto Corsa Competizione, Dirt Rally 2.0, F1, hizo ni za usukani kabisa. Forza upande wa Xbox, sawa. GTA V, ambayo ndo nusu ya madogo wanaitaka, kwenye PS na Xbox haina sapoti ya usukani, utakaa umeshika steling gari limesimama. Kwa hiyo andika gemu zako tatu unazocheza kweli, nenda kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa usukani au wa gemu, tafuta jina la modeli yako humo. Dakika kumi tu.

Sa tuje kwenye vile viboksi vya kudanganya mashine, maana najua mnavisubiri. Kuna Drive Hub, kuna Brook Ras1ution, vinakaa katikati ya usukani na mashine. Wanachofanya ni kuazima kitambulisho, unachomeka na padi orijino ya hiyo mashine kwenye kiboksi, swali la siri likija padi ndo inajibu, usukani unaendesha. Baadhi ya usukani za Kichina kama PXN V9 zimejengewa ujanja huo huo ndani, ndo maana ina tundu la kuchomeka padi na inaandikwa inapiga kila mashine duniani. Zinafanya kazi ila jua vitu vitatu. PXN V9 haina fosi fidbeki, yan ule usukani kukuvuta mkono gari linapoteleza, inatetemeka tu kama simu. Kwenye PS5, ukiazima kitambulisho cha padi ya PS4 tegemea gemu za PS4 tu, kwa hiyo kama ni Gran Turismo 7 cheza ile ya PS4 hata kama mashine ni PS5. Na Xbox walikaza mwezi wa 11 mwaka 2023, wakaanza kufungia vifaa visivyo na ruhusa, kikikamatwa unaona namba ya kosa 0x82d60002 kwenye skrini na hapo hakuna fundi wa Mwanjelwa wa kukutoa. Mi binafsi kiboksi ningenunua kama tayari nina usukani mzuri wa upande mwingine umekaa tu. Kununua usukani wa Xbox ili ukaununulie kiboksi uchezee PS ni kulipa mara mbili, tafuta G29 iliyotumika ukae kwa amani. G920 yangu mwenyewe niliishia kuibadilisha na jamaa wa Iringa mwenye Xbox, nikaongeza elfu hamsini, tukakutana Makambako kila mtu na boksi lake, askari wa trafiki anatuangalia anadhani tumeiba gari vipande vipande.

Ukiukuta unauzwa mtumba na unaweza kuujaribu, usiache. Kwanza uwe na adapta yake ya umeme, hizi za fosi fidbeki hazitosheki na umeme wa USB. Angalia mgongoni mwa adapta, ikiandikwa 100-240V umeme wetu ni sawa, ukitoka Uingereza hata plagi ni ile ile yetu ya pini tatu. Chomeka pedeli kwenye besi, chomeka adapta, halafu USB moja kwa moja kwenye mashine usipitishe kwenye ekstensheni ya USB. Mashine ikiwaka G29 inajizungusha yenyewe mpaka mwisho upande mmoja, mpaka mwisho upande wa pili, inarudi katikati. Toa mikono wakati huo. Ikigonga gonga au ikisimama njiani, gia za ndani zimekula au mota imechoka. Ikijizungusha vizuri lakini kitufe cha PS hakijibu, kabla hujasema mbovu angalia kile kiswichi.

Pedeli ndo zinazochoka mapema, vumbi linaingia. Njia nzuri ya kuzijua ni kompyuta ya Windows, hata laptop ya ofisini. Bonyeza Windows na R, andika joy.cpl, ingia kwenye usukani wako uone vile vimistari. Kanyaga mafuta taratibu kama unatoka getini kwa mama mkwe, mstari unatakiwa upande bila kuruka. Ukirukaruka, ndani kuna uchafu, spirei ya kusafishia umeme na subira vinatosha mara nyingi, lakini itumie kushusha bei. Breki ya G29 ngumu, usishtuke, ndani kuna kipande cha raba, imetengenezwa hivo.

Pedeli na gia ziingie kwenye besi, hiyo ikumbuke. Kompyuta inakubali usukani huku, pedeli za kampuni nyingine kule, handibreki ya Kichina ya USB pembeni, zote pamoja. PS na Xbox zinataka zione kifaa kimoja chenye kitambulisho, pedeli za USB za peke yake zinaachwa nje.

Na ndo maana kama una kompyuta yenye kadi ya picha ya maana, hata usihangaike na leseni. Huko hakuna geti, G27 ya mzee inapiga, G920 inapiga, ya PS inapiga. Euro Truck Simulator 2 haidai kompyuta ya kutisha, na ukiweka usukani kwenye digrii 900 unakata kona kama semi kweli.

La mwisho ni kuufunga. Vile vibano vya kubana mezani vinashika meza ngumu, ila meza ya chipbodi inabonyea na fosi fidbeki inaiyumbisha mpaka tivii inatikisika. Chini ya G29 kuna matundu mawili ya bolti za M6. Mi nilimpelekea fundi wa kuchomea pale SIDO vipimo, akanitengenezea stendi ya bomba za mraba, ubao wa mninga juu, na bati la kuzuia pedeli zisikimbie sakafuni, maana ile breki ngumu inasukuma pedeli mpaka ukutani.

Mteja wangu wa kwanza kwenye ile stendi alikua mzee mmoja dereva wa semi, alikua anasubiri foleni ya Tunduma ipungue. Akakaa, akavua ndala, akapapasa klachi kwa mguu, akaniuliza, "Kijana, gia ziko wapi?" Nikamwonyesha zile padeli mbili za nyuma ya usukani. Akaziangalia, akavaa ndala zake. "Ukinunua gia ya mkono niite." Nimeshaagiza, na safari hii nimeuliza mara nne inachomekwa wapi.