Jinsi ya kuweka Razor kwa SpamAssassin

Kama unaendesha seva ya imeili ya ofisi hapa Nairobi unajua vile Jumatatu asubuhi inbox hujaa ankara feki, na SpamAssassin (programu ya kuchuja spamu) peke yake zingine inaziachilia. Razor, mtandao wa kushirikiana ripoti za spamu, inasaidia sana juu watu wengi huripoti spamu na seva yako inauliza tu kama alama (hash, kama alama ya kidole) ya hiyo barua ishaonekana kwingine, haitumi barua nzima.

Kwa Debian ama Ubuntu anza na `apt install razor`, halafu kama root:

`razor-admin -home=/etc/razor -create`
`razor-admin -home=/etc/razor -register`

Ingia `/etc/razor/razor-agent.conf` uandike `razorhome = /etc/razor/`, alafu kwa `local.cf` ya SpamAssassin weka:

`use_razor2 1`
`razor_config /etc/razor/razor-agent.conf`

Angalia pia `v310.pre`, laini ya `loadplugin` ya Razor2 isiwe na alama ya reli (#) mbele.

Sasa hapa ndio wengi hukwama, mimi pia nilipoteza jioni nzima: fayawoli. Razor inatoka kwa TCP poti 2703, kama imefungwa hutaona kitu, barua zinapita tu. Ifungue kisha ujaribu na spamu halisi uliyohifadhi:

`spamassassin -t -D razor2 < spamu.eml`

Ukiona `RAZOR2_CHECK` kwa ripoti, iko sawa. Ikikosekana usishtuke, pengine hiyo barua bado haijaripotiwa, jaribu zingine tatu nne kabla urudi kusumbua konfigi, alafu ristati huduma ya SpamAssassin.