Jinsi ya kuandika riwaya ya watoto ya shule ya maajabu, ukiwa hapa hapa Dar

Nimemaliza rasimu ya pili ya kitabu changu, maneno kama elfu 40 hivi, cha watoto wa miaka 8 mpaka 12, kwaiyo naweka hapa nilivyofanya maana wengi mnaanza vizuri afu mnaishia sura ya pili.

Hatua ya 1: huo uchawi uite nini
Msicheke, hapa ndo pagumu kuliko kote. Kwa Kiswahili uchawi sio kitu cha kuchekelea, ni wanga, ni mtu uchi usiku uani kwa jirani. Rasimu ya kwanza niliiita shule ya uchawi, shangazi yangu akasoma jina tu akanirudishia akauliza siku hizi nasali wapi. Uganga nao una tunguri na mizizi, mazingaombwe ni yule jamaa aliyekuwa anakuja shuleni anakata karatasi inakuwa noti afu mnamlipa hela ya andazi (na hamna aliyejiuliza kwa nini asijitengenezee zake). Kila neno linakuja na mizigo yake, chagua moja ukijua unabeba nini. Mi niliyaacha yote nikachukua vitendawili.

Hatua ya 2: weka bei
Kitendawili tayari kina sheria, ukishindwa unatoa mji. Kwenye kitabu changu mlango wa bweni ndo unaotega, "nyumba yangu haina mlango", ukisema yai unapita, ukikosa unatoa mji kweli kweli, yani ukitaja Tanga basi Tanga inakutoka kichwani pamoja na kila mtu unayemjua huko. Mhusika wangu bibi yake anakaa Tanga. Baada ya hapo sikuhangaika tena kutafuta mgogoro, ulijileta wenyewe. Nguvu isiyomgharimu mtu kitu inachosha ndani ya kurasa 10.

Hatua ya 3: iwe shule kwanza
Jamani acheni majumba ya mawe yenye baridi na moto ukutani, mtoto wa Mbagala jasho linamtoka hata saa nne usiku. Weka mchakamchaka alfajiri, kengele ya rimu la gari, mwalimu wa zamu, tranka yenye kufuli, maharage yenye wadudu, fagio za chelewa (zisipae tafadhali, hizo tumeshaziona). Afu pindisha kitu kimoja kimoja tu. Mi nilimchukua kiranja anayeandika wapiga kelele, kwangu jina likishaandikwa sauti ya mwenyewe inahamia kwenye karatasi mpaka mwalimu aifute, na kuna kiranja mmoja anazificha karatasi chini ya godoro.

Hatua ya 4: nenda ukapaone
Shule yangu iko Mbudya, kile kisiwa unachovuka kwa boti kutoka Kunduchi. Mchana watu wanaogelea na kula samaki, usiku hamna kijiji wala mtaa, na ni hifadhi ya bahari, kwaiyo shule inaweza kutokea jua likizama bila kumsumbua mtu. Kabla ya kuvuka pitia kwenye magofu ya Kunduchi, kuna makaburi ya zamani ya nguzo na mibuyu, mi nilikaa pale na daftari mchana mzima sura ya tatu ikaja yenyewe. Na uandike mhusika alipanda gari gani, mtoto wa Dar atakuuliza katoka Gongo la Mboto kafikaje Kunduchi.

Hatua ya 5: wakubwa wakae pembeni
Mwalimu akitatua tatizo, kitabu kimekuwa cha mwalimu.

Hatua ya 6: andika
Kaunta buku, simu, popote. Mi ni maneno 300 kwa siku ndani ya mwendokasi Kimara mpaka Kivukoni, nikipata siti. Nisipopata siandiki.

Hatua ya 7: wasomee madogo kwa sauti
Sio mtoto wako, huyo atakusifia apate soda. Kusanya wa mtaani jioni, soma, usiwaangalie wakicheka, angalia wanaondoka saa ngapi. Wangu waliondoka sura ya nne, mmoja mmoja, wakaenda kucheza rede. Niliifuta yote. Jumamosi iliyofuata nikarudi na mpya, wakakaa mpaka kule yule binti anapotaja Tanga, kimyaa, afu kadogo kamoja kakasema "si angetaja Dodoma, hana mtu kule".

Sa hivi hiyo Dodoma ndo sura ya tano.