Kuchora sura ifanane na mwenyewe: paji kwanza, kope zingoje

Mimi huchora watu kwa penseli hapa Kisumu, na kosa ninaloona kwa karibu kila anayeanza ni lile nililokuwa nalo: macho yamepanda juu, paji limeisha. Kuna mama muuza samaki pale Dunga nilimchora, nikahangaika na kope moja moja, nikampa, akaangalia weee akaniuliza, "Na huyu ni nani, mwanangu?"

Hatua ya kwanza. Chora yai kwa HB (penseli ya kawaida, ya wastani), usikandamize, ligawe katikati kwa mstari wa kulala. Macho yanakaa HAPO, nusu ya kichwa, kutoka utosini hadi kidevuni, sio kutoka nywele zinapoanzia. Utaona ni chini sana utataka kuyapandisha, usiyapandishe, nyosha mkono na penseli, funga jicho moja, umpime mtu mwenyewe uone.

Ya pili. Kati ya macho mawili inaingia nafasi ya jicho moja. Sikio linaanzia usawa wa nyusi linaishia chini ya pua. Hizo ni za kuanzia tu bana, upana wa pua na unene wa midomo pima kwake, hapo ndipo anakuwa yeye.

Ya tatu ndio huharibia wengi: ngozi nyeusi. Usijaze 6B uso mzima! (Namba ya B ikipanda, penseli ni laini na nyeusi zaidi.) Ngozi yetu inang'aa, so tafuta kwanza mwanga umegonga wapi, paji, juu ya shavu, ncha ya pua, mdomo wa chini, hapo uache karatasi. Kwingine panda pole pole na 2B, halafu 4B, na 6B ibaki ya chini ya kidevu, tundu za pua na ule mstari kati ya midomo. Finya macho ukiangalia, vivuli vidogo vidogo vinapotea vinabaki vikubwa vichache, chora hivyo. Na usisugue kwa kidole, mafuta ya mkono yakishika karatasi raba haiyatoi (kama umetoka kula samaki wa kukaanga ndio kabisa).

Mwanga pia. Huku tuko karibu na ikweta, saa sita jua liko utosini na macho yanageuka mashimo, afadhali saa kumi, ama akae kando ya dirisha. Ukichora kutoka kwa picha, selfi ya karibu kataa, inavimbisha pua, masikio yanapotea. Apigwe picha na mwenzake aliyesimama hatua tatu nne mbele yake.

Ukimaliza geuza karatasi juu chini, palipopinda utapaona haraka. Rekebisha. Sasa ndio kope, na sio zote.