Jumatatu ya mmisionari Jinja: beseni, pasi na simu ya mama

Ukishapata barua ya wito ya kwenda Uganda, watu watakupa ushauri mwingi wa kiroho. Ufuate, ni mzuri. Huu wangu ni wa beseni na pasi. Mimi mtu wa Morogoro, nilihudumu miezi 18 kama dada mmisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na kipande kikubwa cha huduma hiyo kilikuwa Jinja. Ninachoamini ni hiki: wiki ya mmisionari hutengemaa au huharibika Jumatatu, siku ya maandalizi. Siku nyingine unaamka saa 12:30 asubuhi, unasoma maandiko, unatembea, unafundisha, na saa 4:30 usiku taa inazimwa. Jumatatu unaachiwa mpaka saa 12 jioni tu, kisha unabandika jina lako kifuani na kurudi kazini. Usichofua siku hiyo utakivaa kichafu Alhamisi.

Kwa hiyo anza na nguo, kabla hata ya chai (tutafika kwenye chai). Vumbi jekundu la Uganda lina tabia yake. Ukilirowesha moja kwa moja linaingia kwenye uzi, na pindo la sketi linabaki na rangi ya kutu mpaka unarudi kwenu. Likung'ute likiwa kavu, nje, kwa brashi ya viatu uliyoitenga kwa kazi hiyo. Ndipo uloweke kwenye maji ya baridi, upake sabuni ya mche kwenye pindo na kola, uache kidogo, ufikiche. Jaza madumu Jumapili usiku. Jumatatu asubuhi mtaa mzima unafua, na bomba linaweza kukauka ukiwa na povu mpaka viwikoni.

Sasa pasi, na hapa sitaki mzaha. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa, hasa za kivulini au zilizotandazwa kwenye majani. Ukizivaa, buu linaingia ndani ya ngozi na kukuotea kama jipu, na unalihisi likijisogeza humo ndani. Dawa ni joto la pasi kwenye kila kitu: shuka, taulo, soksi, nguo za ndani, na mishono yote, maana nzi huyo anapenda mikunjo. Wasichana wanaotoka mjini hupiga pasi sketi ya Jumapili tu, kisha wanashangaa mgongo unawasha.

Umeme nao utakatika. Jinja ina bwawa la Nalubaale, linalozalisha umeme tangu 1954, na bado unakaa gizani ukiliwaza. Tafuteni pasi ya mkaa. Weka mkaa ulioshika vizuri, usiotoa moshi, ujaze nusu tu, ufunge kifuniko na kuipeperusha nje kwanza ili majivu yatoke. Ijaribu kwenye kitambaa cha zamani kilicholowa. Ikitoa mvuke bila kuacha alama, anza na nguo nzito, umalizie na nyepesi inapopoa. Isiachwe chumbani mlikofunga madirisha, hewa ya mkaa inaua hata bila moshi.

Nguo zikiwa kambani, sokoni. Hamwendi mmoja mmoja, mwenzako yuko nawe kila mahali, kwa hiyo kubalianeni orodha kabla ya kufunga mlango. Mwenzangu alikuwa Mzimbabwe anayeamini kila mlo bila sadza, ugali wa kwao, si mlo, nami nilikuwa na wali wangu, tukaishia kupikiana kwa zamu. Mwanzo wa mwezi nunua vikavu: mchele, maharage, unga wa posho (ndivyo wanavyouita ugali), karanga za kusaga. Mboga na sukari ndizi, zile ndizi ndogo tamu, nunua kila wiki. Soko kuu la Jinja, Kiswahili chako kitakufikisha kwa baadhi ya wauzaji. Lakini tanguliza salamu ya Kisoga, lugha ya wenyeji, "Kodheyo", na usizungumzie bei kabla ya kuitikiwa. Ukishalipa, omba nyongeza. Wanaijua kwa jina hilohilo, na nyanya moja au mbili zitaingia kwenye mfuko.

Maharage yachemshwe Jumatatu hiyohiyo, ya siku mbili tatu. Bila friji ya kuaminika, yarudishe jikoni kila asubuhi na jioni yachemke kabisa. Maji ya kunywa chemsha sufuria kubwa, yapoe yakiwa yamefunikwa. Ukichoka, kuna rolex kila kona, chapati yenye mayai ndani, na hakuna atakayekuhukumu.

Mchana mnaweza kwenda kuona chanzo cha Nile. Tazameni, pigeni picha, msiingie majini. Wamisionari hatuogelei, na Ziwa Victoria lina kichocho.

Kuhusu chai: hatunywi chai wala kahawa, na jioni mkitoka mtakaribishwa kikombe kila nyumba. Sema mapema, kabla mama hajaweka majani. "Mama, mimi nitashukuru maziwa ya moto na tangawizi." Ukikataa kikombe kikiwa tayari mbele yako, umemwaibisha mwenye nyumba, na somo la siku hiyo limeshapotea.

Simu ya nyumbani. Tangu Februari 2019 tunaruhusiwa kuongea na familia kila wiki. Kabla ya hapo ilikuwa Krismasi na Siku ya Mama tu, kwa hiyo usilalamike kwamba haitoshi. Andika kwanza barua ya rais wa misheni, ukiwa na akili tulivu, ndipo upige. Wiki za mwanzo mama atalia nawe utalia. Muulize habari za mahindi, za babu, za paka, sauti itarudi yenyewe. Mwenzako yuko chumba kilekile na hajui Kiswahili, basi mtambulishe. Wangu nilimfundisha kusema "Shikamoo, mama", na kuanzia hapo mama yangu alikuwa anamuulizia yeye kabla yangu. Na usimseme mwenzako kwa Kiswahili ukidhani haelewi. Jina lake analielewa.

Saa 11 na nusu kaeni na daftari: nani anafundishwa Jumanne, nani alikosa kanisani, nauli imebaki kiasi gani. Hiyo nauli itoeni kwanza, iwe na bahasha yake. Bodaboda si usafiri wetu, taksi zao ndizo daladala zetu, na kutoka Walukuba, mtaa wa pembeni mwa Jinja, kwenda mjini kwa miguu saa 8 mchana si jambo la kumtakia mwenzako.