SOMO: Kupanda Pamir kwa baiskeli, na mazoezi unafanyia huku huku kwetu Mbeya

Habari za jioni wakuu. Wengi mmeniuliza kuhusu ile barabara ya milima ya Pamir, M41, huko Asia ya Kati, inayotoka Osh kule Kyrgyzstan inakatiza Tajikistan mpaka Dushanbe, zaidi ya kilomita 1,200. Mimi nilipita 2019 nikaona bora niandike sehemu moja, maana sisi wa nyanda za juu milima ya mazoezi ipo mlangoni, ila hiyo milima yetu inaweza kukudanganya kama ilivyonidanganya mimi.

HATUA YA 1: Heshimu urefu. Mbeya mjini tupo kama mita 1,700, ukipanda Kitulo unafika 2,600 na ushee. Sasa Ak-Baital, pale juu kabisa barabara ya Pamir inapopita, ni mita 4,655, kila pumzi unayovuta unapata oksijeni nusu na kidogo tu ya ile ya Dar. Mimi nilijiamini nimezaliwa milimani, nikatoka Osh, ambako ni chini ya mita 1,000, siku tatu nipo Sary-Tash mita 3,170, usiku ule kichwa kinagonga, natapika, chai yenyewe haipiti, nikakaa pale siku mbili nzima. Kwahiyo shika hili: ukishavuka mita 3,000 usilale zaidi ya mita 500 juu ya pale ulipolala jana, na kila baada ya siku tatu nne pumzika siku moja. Kichwa kikiuma usiendelee kupanda. Ukianza kuyumba ukitembea kama mlevi, au pumzi inakata na wewe umekaa tu, hapo usisubiri kukuche, shuka saa hiyo hiyo.

Ningerudia leo ningeanzia Dushanbe nipite njia ya kusini ya Kulob, unafuata mto Panj, ng'ambo unaiona Afghanistan, watoto wa kule wanakupungia mkono, na ukifika Khorog (kama mita 2,100) mwili umeshaanza kuzoea.

HATUA YA 2: Baiskeli. Fremu ya chuma, fundi yeyote mwenye mashine ya kuchomelea anaiunga. Tairi nene, inchi 2, maana kuna vipande vya kokoto na vile vituta vidogo vidogo mfululizo vinatikisa mpaka meno. Beba spoki za akiba, cheni, waya za breki, tyubu mbili, viraka na gundi, na ujifunze kuvitumia. Kaa na fundi wako pale Mwanjelwa wiki mbili, mlipe, akufundishe kunyoosha ringi, mimi spoki ilikatika kati ya Karakul na Murghab, kama kilomita 130 hakuna duka, na nilitoka mzima kwa sababu ya fundi huyo.

HATUA YA 3: Mazoezi. Panda Chimala mpaka Matamba, zile kona 57, ukiwa na mzigo wote kwenye kerieri, kisha ulale hemani Kitulo mwezi wa 6 au wa 7 wakati barafu inaganda kwenye majani. Kama slipingi begi yako imekushinda Kitulo, Pamir usiipeleke.

HATUA YA 4: Karatasi. Viza ya Tajikistan inaombwa mtandaoni, na humo humo unaomba kibali cha GBAO (mkoa wa Gorno-Badakhshan, ndiko Pamir ilipo), bila hicho Pamir huingii. Mpaka wa Tajikistan na Kyrgyzstan ulifungwa 2021 ukafunguliwa Machi 2025, uliza hali yake kabla hujakata tiketi. Nenda kati ya Juni na Septemba.

MASWALI YA WADAU

Swali: Ugonile mkuu, mimi wa Tukuyu. Chakula na maji vipi?
Jibu: Ugonile ndugu yangu. Murghab kuna soko ndani ya makontena, utapata tambi, mkate, biskuti. Jiko chukua la petroli, mtungi wa gesi kwenye ndege hawaruhusu. Maji ya mito chuja, ya ziwa Karakul yaache, yana chumvi.

Swali: Kijana, nina Phoenix yangu tangu nastaafu, haiwezi?
Jibu: Shikamoo mzee wangu. Ile haina gia, mlimani na mzigo utaisukuma siku nzima. Ila kerieri yake ni imara kweli, kwa safari ya Mbeya mpaka Kyela ingekutosha, ukirudi panda na basi.

Swali: Upepo upoje? Mi nipo Makambako nimezoea.
Jibu: Hapo umeshatangulia dada. Kule upepo unaanza mchana, kwahiyo saa 12 asubuhi uwe barabarani, saa 8 mchana tafuta pa kuweka hema.

Swali: Mimi wa Iringa, nifanyie mazoezi Kitonga?
Jibu: Hapana kaka, nakuomba. Malori ni mengi, barabara nyembamba, na breki za watu huzijui. Toka Ipogolo elekea Kilolo, milima ipo ya kutosha. Ukishaweza kwenda na kurudi siku moja na kilo 20 nyuma, niandikie tupange kona 57 pamoja.